Maswali yenu ya bima: "Tumelipa, mbona gari letu hawatengenezi?"

Mwezi huu meseji za bima zimekuja nyingi mpaka nimeomba mhariri aniachie kurasa zote. Kabla sijaanza kuandika hapa nilikaa miaka tisa kwenye dawati la madai la kampuni ya bima, kwahiyo nawajibu kama nilivyokuwa namjibu mtu aliyekaa mbele yangu na bahasha yake ya makaratasi. Majina nimeyatoa yote.

Dada habari za kazi. Tuna IST tuliyoinunua kwa mtu milioni 13, mume wangu anaendea kazini na wikiendi inabeba mzigo wangu wa vitenge. Mwezi uliopita daladala ilimgonga kwa nyuma, bampa, taa na mlango wa nyuma vyote vimekwisha, na dereva wa daladala alikubali kosa mbele ya trafiki. Tumeenda kampuni yetu ya bima wanasema bima yetu ni ndogo hawatengenezi. Sasa ile 118,000 tulilipa ya nini? Naona kama tumeibiwa. (Mama wa vitenge, Mbagala)

Pole mama, na mshukuruni Mungu baba katoka mzima. Hamjaibiwa ila mmebisha hodi nyumba siyo. Bima ndogo, ile ambayo sheria inakulazimisha kuwa nayo ndo gari lipite barabarani, inamlinda mtu mwingine utakayemuumiza wewe. Gari lako mwenyewe haimo. Ile 118,000 ni laki moja ya bima na 18,000 ya VAT, na kazi yake ni kwamba siku mumeo akimgonga mwenda kwa miguu, kampuni yenu ndo inabeba mzigo wa yule mtu badala ya nyie kuuza kiwanja.

Sasa geuza hayo maneno uyatazame kwa upande wa pili. Siku hiyo aliyegonga ni daladala, na daladala nayo ina bima yake, kwahiyo kwa bima ya daladala mtu mwingine ni NYIE. Mlango wa kwenda ni kampuni ya bima ya daladala. Chukua namba ya gari lile, ingia kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, weka namba, itakuonyesha kama stika iko hai na ni ya kampuni gani. Alafu nenda polisi ufuatilie ripoti ya ajali na mchoro, na hapa usikubali kuambiwa "njoo kesho" mara sita ukakata tamaa maana bila ile ripoti hakuna mtu atakusikiliza. Piga picha za gari kabla fundi hajagusa kitu, tafuta makadirio ya gereji, peleka barua na wakusainie nakala yako kwamba wameipokea. Hati nyingi za bima ndogo hapa kwetu zinalipa na mali ya mtu aliyegongwa ila kuna kikomo kimeandikwa, kwahiyo ulizeni kikomo chao ni kiasi gani.

Mwenye daladala anaweza kuwaomba mmalizane kienyeji awape laki tatu. Msisaini chochote kinachosema mmelipwa na hamdai tena kabla hamjajua gereji inataka shilingi ngapi, nimeona watu wengi sana wamejifunga hapo, anapokea laki tatu kwa furaha alafu fundi anamwambia milioni moja na nusu.

Kuhusu bima kubwa, ile inayotengeneza na gari lako mwenyewe, kwa gari la nyumbani wanakokotoa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Kwa milioni 13 ni 455,000, weka VAT 81,900, jumla 536,900 kwa mwaka. Ni hela nyingi najua. Swali la kujiuliza ni hili, gari likiungua au likiibwa leo usiku, mtanunua lingine mwaka huu? Kama jibu ni hapana na hilo gari ndo linalowaingizia, mimi ningelipa bima kubwa na ningepunguza kitu kingine. Kama hela haifiki kabisa, ulizia ile ya katikati inayoongeza moto na wizi juu ya bima ndogo, haitengenezi gari ukigongana lakini likiibwa hamrudi kwenye sifuri. Na hata kwenye bima kubwa kuna eksesi, yaani sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Mfano wameandika asilimia 10 na matengenezo ni milioni 2, basi laki mbili ni zako. Watu wanafika gereji wakidhani wanachukua gari tu wanakuta bili, ugomvi unaanzia hapo.

Kitu kimoja zaidi na usikasirike. Umesema gari linabeba mzigo wa biashara. Waambieni wakati wa kukata bima. Gari likiandikwa la binafsi alafu siku ya ajali likakutwa linabeba mzigo wa biashara au abiria wa kulipia, unawapa sababu ya kukataa kulipa, na hiyo sababu umewaandikia mwenyewe kwenye fomu.

Binti yangu, mimi ni mwalimu mstaafu Bukoba. Nyumba yangu ilipasuka kuta kwenye tetemeko la mwaka 2016 nikaijenga upya kidogo kidogo kwa kiinua mgongo. Sasa amekuja kijana wa bima anasema niandike thamani ya milioni 45 ili nilipe kidogo, ingawa fundi wangu anasema kuijenga tena leo haipungui 90. Nifuate la nani?

Shikamoo mwalimu. Fuata la fundi. Huyo kijana anakufurahisha kwenye malipo ya leo, siku ya hasara hatakuwepo.

Nikueleze kwa hesabu maana wewe ni mwalimu. Nyumba ni ya milioni 90, umeiandika 45, yaani umekata bima ya nusu ya nyumba. Jiko likishika moto ukapata hasara ya milioni 20, wewe utasema 20 ni ndogo kuliko 45 kwahiyo nalipwa yote. Wao watasema ulikata nusu kwahiyo hasara tunagawana nusu kwa nusu, wanakupa milioni 10, na eksesi wanatoa hapohapo. Hiki kifungu kiko kwenye hati nyingi sana za nyumba na ndicho kilichonifanya nishuhudie wazee wa heshima wakilia ofisini, na wengi wao walikuwa wameshauriwa na mtu wa mauzo hivyohivyo kama wewe.

Kiasi cha kuandika ni gharama ya kuijenga nyumba upya, tofali, bati, nondo, fundi, na kusafisha kifusi. Kiwanja usikiweke humo, moto hauchomi kiwanja. Usiweke pia bei ambayo ungeuza, maana nyumba ya mjini kati bei yake imebebwa na eneo. Na kila mwaka ukihuisha bima pandisha kidogo kwasababu bei ya saruji na nondo hazikai mahali pamoja.

Sasa kuhusu tetemeko, hapa nakuomba uwe mkali. Bima ya moto ya kawaida inabeba moto na radi na mlipuko wa aina fulani. Tetemeko, mafuriko, kimbunga, maji ya bomba lililopasuka, hivyo huwa vinaongezwa kwa jina na kwa hela ya ziada. Wewe uliyeona tarehe 10 Septemba 2016 kwa macho yako huwezi kukata bima Bukoba bila neno tetemeko kuandikwa kwenye karatasi. Kijana akikuambia "mzee hiyo imo", mwambie akuonyeshe mstari, kidole chake kikae juu ya mstari. Kama hakuna mstari haimo. Hata ndugu zetu wa Dar wanaokaa mabondeni waulize hivyohivyo kuhusu mafuriko.

Na usimpe hela mkononi, mwalimu. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni na uhakikishe wakala ana leseni. Kwa sheria yetu bima haianzi mpaka malipo yamefika, kwahiyo hela ikilala mfukoni mwa kijana wiki mbili, nyumba yako nayo imelala wiki mbili bila bima.

(Mpangaji aliyeniuliza kutoka Ubungo jibu lako ni fupi. Jengo ni la mwenye nyumba, akate yeye. Wewe kata ya vyombo vyako, friji, tivi, godoro, cherehani, na ni bei nafuu kuliko unavyofikiria.)

Mambo dada, mimi na mke wangu tuko Dodoma, yeye ana mimba ya miezi mitatu. Mimi nafundisha shule binafsi hawajawahi kutukatia bima ya afya, yeye anauza juisi. Tunataka tukate bima sasa hivi ili ajifungue kwa bima, tuna laki nne. Inawezekana?

Hongereni sana. Jibu lenyewe litawauma kidogo. Bima nyingi za afya za kujikatia mwenyewe zina muda wa kusubiri kwa uzazi, miezi kumi, wengine mwaka mzima, yaani wamepiga hesabu makusudi ili mimba iliyokwisha kuingia isilipiwe. Ajenti akikuambia kwa simu "itakubali tu", muombe aandike kwenye meseji kwamba uzazi wa mwaka huu umo. Utaona anavyobadilika.

Njia yenye matumaini ni kazini kwako. Bima ya kundi, ambayo mwajiri anaandikisha wafanyakazi wote, mara nyingi haina kusubiri kama ya mtu mmojammoja. Kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mchango wa mtumishi ni asilimia 6 ya mshahara, 3 anatoa yeye na 3 mwajiri, na kadi inabeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wanne. Na Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, kwahiyo unapomfuata mkuu wa shule kuuliza habari ya bima huendi kuomba hisani. Nendeni walimu wanne watano pamoja, kwa heshima, mkiwa na barua.

Ile laki nne mi ningefanya hivi. Isiguswe, iwekwe kwenye akaunti ya peke yake ya kujifungulia, mama aanze kliniki mapema kituo cha afya cha serikali, na bima itafutwe kwa ajili ya mtoto na kwa mwaka unaofuata. Mtoto akizaliwa shughulikieni cheti cha kuzaliwa wiki hizohizo, maana hicho ndo kinamwingiza kwenye kadi, na watoto wadogo ndo wanaopelekwa hospitali kila siku. Ukija kuchagua kadi usianze na bei. Anza na orodha ya hospitali, ile mnayokimbilia saa nane usiku imo? Alafu uliza kikomo cha matibabu ya kutwa, yaani yale ya bila kulazwa, maana kuna kadi zinajisifia milioni 10 ya kulazwa wakati za kutwa ziko kidogo mno, na nyie mtakachoumwa zaidi ni mafua na tumbo la mtoto.

Shikamoo dada. Mume wangu alifariki mwezi wa pili kwa presha ya ghafla. Alikuwa na mkopo benki milioni 25 kwa ajili ya kumalizia nyumba, alikuwa amelipa mwaka na miezi minne. Sasa benki wananipigia mimi, wanasema nyumba ndo dhamana. Nina watoto watatu, nimeuza ng'ombe wawili nimelipa miezi miwili. Sijui nitafika wapi. (Mjane, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu, pole sana sana. Barua yako nimeisoma usiku nikashindwa kulala, na nitakuambia kwanini.

Usiuze ng'ombe mwingine. Simama hapohapo kwanza. Benki zetu nyingi zinapotoa mkopo wa namna hiyo zinakata na bima ya mkopo, hela inakatwa siku ileile mkopo unapoingia, mkopaji anaona tu milioni 25 imeingia pungufu anadhani ni makato ya fomu. Kazi ya hiyo bima ni kwamba mkopaji akifariki, au akipata ulemavu wa kudumu, deni lililobaki linalipwa na kampuni ya bima na familia inabaki na nyumba yake. Baba alilipa hiyo hela. Inawezekana kabisa unalipa deni ambalo marehemu alishalilipia.

Nasema hivi kwasababu mke wa mjomba wangu alilipa miezi kumi na nne. Alikuwa anauza mandazi na kufulia watu, benki wanapokea tu, hakuna aliyemwambia mama kuna bima, mpaka siku moja alinipa karatasi za mkopo nimsomee habari nyingine kabisa nikaona neno bima kwenye ukurasa wa tatu. Tulifuatilia ikalipwa na zile alizotoa akarudishiwa, ila mandazi ya miezi kumi na nne hayarudi, na mwanae mkubwa alikuwa ameshaacha shule.

Kwahiyo fanya hivi wiki hii. Tafuta mkataba wa mkopo nyumbani, kwenye begi lake, kwenye droo ya kazini. Hata usipouona nenda benki na mtu mzima anayejiamini, kaka yako au shemeji, mwombe meneja kwa maandishi akupe nakala ya mkataba na hati ya bima ya mkopo na taarifa ya akaunti ya siku mkopo ulipoingia. Utaona makato. Peleka cheti cha kifo, kibali cha mazishi, taarifa ya hospitali ya chanzo cha kifo, na vitambulisho. Omba waandike tarehe waliyopokea, kwasababu hati zinakuwa na muda wa kutoa taarifa, na mwezi wa pili si jana. Ukiambiwa umechelewa usiondoke na hilo neno la mdomo, waombe barua. Eleza kwamba wewe hukujua kuna bima, na wao msiba wanaujua ndo maana wanakupigia wewe.

Wanaweza kusema alikuwa na presha kabla na hakuitaja kwenye fomu. Hapo ndo uombe uone fomu yenyewe, swali lilikuwa lipi na alijibu nini. Nimeona fomu ambazo ofisa ndiye aliyejaza kila mahali "hapana" na mteja akasaini bila kusoma. Na kama kweli alikuwa hajui ana presha, hakuficha kitu, huwezi kuficha usichokijua.

Wakikataa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 kwa ajili ya watu kama wewe, huendi na wakili na hulipi kusikilizwa. Mamlaka ya bima yenyewe nayo inapokea malalamiko. Na ukimaliza hilo, uliza kazini kwake kama walikuwa na bima ya maisha ya kundi, na nenda mfuko wake wa pensheni kuulizia mafao ya wategemezi. Hizo ni milango mitatu tofauti, mmoja ukifungwa mingine bado iko.

Wasomaji wengine mliooa na kuolewa, leo usiku muulizane, mkopo wetu una bima? Karatasi iko wapi? Watu wanaona kuongelea kifo ni kujiita mkosi. Mi nimeona mkosi wenyewe, unaanza pale mke hajui hata benki gani mume alikopa.

Assalam aleikum dada. Mimi niko Mombasa, nimeepuka bima miaka yote kwa ajili ya riba na kubahatisha. Mzee wangu asema hata takaful, hii bima ya Kiislamu, ni jina tu. Wewe wasemaje?

Waaleikum salaam warahmatullah. Mimi si shekhe, la dini muulize shekhe unayemwamini na uende na karatasi za kampuni mkononi. La kazi naweza kukueleza. Kwenye takaful wanachama wanachangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, kampuni inauendesha kwa ujira unaojulikana, hela haziwekezwi kwenye riba wala pombe, na kunakuwa na jopo la masheikh la kusimamia. Kikibaki chochote kwenye mfuko baada ya madai, utaratibu uliokubaliwa ndo unasema kinagawanywaje, na hilo ndilo swali la kuwabana nalo. Kwenu Kenya Takaful Insurance of Africa imekuwepo tangu 2011, na huku Tanzania takaful imeshaanza pia. Ila shaka ya mzee ina haki yake, uliza jopo ni akina nani na hesabu za ziada ziko wapi, wakibabaika endelea kutafuta.

Dada nilikatiwa bima ya elimu ya mwanangu na rafiki wa kanisani, 50,000 kila mwezi kwa miaka 15. Nimelipa miezi kumi na moja, sasa kazi imeisha. Nataka nirudishiwe hela yangu, rafiki ananikwepa. (Mwanza)

Hiyo si akaunti ya benki mama, hapo ndo penye maumivu. Bima za namna hii ukivunja miaka ya mwanzo, miwili au mitatu, mara nyingi unarudishiwa sifuri au karibu na sifuri, kwasababu hela za mwanzo zinaliwa na gharama na kamisheni. Umetoa 550,000 na inawezekana hata laki usiione. Natamani rafiki yako angekuambia hivi siku ya kwanza, na angekuambia pia kwamba kama baba au mama ndo mlishaji, bima ya kwanza ni ya maisha ya mlishaji, ile ya muda isiyorudisha hela, ambayo kwa bei hiyohiyo ingebeba kiasi kikubwa zaidi. Akiba ya ada weka pembeni.

Rafiki muache, nenda kampuni mwenyewe. Uliza mambo haya kabla hujaacha kulipa: kuna miezi mingapi ya kusamehewa nikichelewa kulipa, naweza kupunguza mchango mpaka 20,000, naweza kusimamisha alafu nikaifufua nikipata kazi bila kupimwa upya, na nikivunja leo napata ngapi kwa shilingi. Waandike. Ukishapata majibu nipigie picha ile karatasi unitumie, nitaisoma yote na nitakujibu toleo lijalo.